Mwaka wa Kurudisha Magunia

Tulimzika Nampombe huku ukungu wa mlima Shengena umeshuka mpaka kwenye migomba, hata mchungaji akawa anasoma kwa kukisia. Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, tulilelewa jiko moja hapo Mhezi, na ndiye mtu wa mwisho aliyebaki wa kuniuliza, "Unaukumbuka ule mwaka wa magunia?" nikamjibu bila kueleza kitu. Sasa nikitaka kuukumbuka na mtu itabidi nianze mwanzo, ndiyo maana nimeamua kuuandika. Baada ya mazishi tuliketi chini ya turubai tukila makande, sahani magotini, na vijana waliokuwa nyuma yangu wakaanza mabishano yao ya siku hizi kuhusu fedha ambazo serikali inazipa kaya maskini. Mjukuu wangu Elieza, anayeuza simu mjini Same na anayependa kusikika, akasema serikali inawadekeza watu. "Mtu akishajua kuna hela ya bure inakuja, jembe anaweka chini. Hawa wameshazoeshwa, hawatoki tena hapo." Mwenzake akamwambia aende kwanza akalime shamba la kokoto ndipo aje aongee. Wakacheka. Nikageuka, kijiko mkononi. "Elieza, hizo hela nazipokea mimi. Na huyu tuliyemzika alikuwa anazipokea." Naye akasema kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa mdogo, "Bibi, sikukukusudia wewe." Najua hakunikusudia. Wanaosema maneno hayo huwa hawamkusudii mtu wanayemfahamu.

Wala hayakuwa mapya masikioni mwangu. Niliyasikia nikiwa sijatimiza miaka ishirini, enzi za Waingereza, yakisemwa na watu wawili waliokuwa wakila mchuzi wa mbuzi kwenye baraza ya nyumba ya wageni ya serikali, pale Same. Habari za ukoo wetu naziacha, kwa sababu nikizianza sitafika ninakokwenda. Itoshe kwamba vuli ilikuwa imekataa, masika nayo ikaja ikamwaga siku chache kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua, na Bibi Nakijwa, mama wa mama yangu, aliyekuwa akitulea mimi na Nampombe, aliniita akaniambia bila kuzungushazunguka, "Wewe una nguvu, nenda Same kwa mama yako mdogo. Nampombe atabaki na mimi. Tukiwa wawili sufuria itaonekana ina kitu." Nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Nililia njiani, lakini si sana, maana ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu ya kuuona mji.

Mama mdogo Nanzia na mumewe, Baba mdogo Zablon, walikaa vyumba viwili vya bati nyuma ya nyumba ile ya wageni, kwa kuwa Baba mdogo ndiye aliyekuwa mpishi wake. Mimi niliyezoea baridi ya Mhezi, ya kulala na moto katikati ya nyumba, nilidhani nitakufa kwa joto la Same. Bati lilikuwa likilia mchana kutwa kwa jua. Nililala karibu na mlango, kati ya gunia la mkaa na sanduku la bati ambalo Mama mdogo aliliwekea kufuli ingawa ndani mlikuwa na vitambaa vya meza tu. Chakula chetu kilikuwa cha ajabu kidogo. Asubuhi tulikunywa chai ya majani yaliyokwisha kutumika mezani kwa Mzungu wa serikali aliyekuwa akikaa pale, tukiyachemsha upya mpaka yatoe rangi, na pembeni yake kulikuwa na maganda ya mkate aliyoyakataa. Jioni tulikula ugali mdogo na mlenda. Baba mdogo aligawa ugali kwa mwiko, akitazama kila sahani kwa makini kama mtu anayekata kitambaa cha suti, na ya kwake daima ilikuwa ndogo kuliko zote. Akiulizwa alisema ameshaonja sana jikoni. Mimi niliyemsaidia kuosha vyombo nilijua kwamba hakuonja kitu zaidi ya chumvi.

Kazi niliipata katika ghala la mahindi karibu na stesheni. Mahindi ya njaa yaliletwa kwa treni, yakahamishiwa kwenye lori, lori likayapeleka mpaka barabarani chini ya milima, na watu wa juu wakashuka kuyafuata. Mimi na wanawake wengine tulishona magunia yaliyotoboka. Tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na sindano ndefu ya gunia na uzi wa katani, na vidole vyetu vilikuwa vimechubuka hata ukikamua ndimu unapiga kelele. Magunia yalikuwa adimu. Karani wa ghala alituambia kila siku kwamba mahindi yapo, lakini yatabebwa na nini? Kwa hiyo ikatoka amri kutoka boma: kila kijiji kilichopata mahindi kirudishe magunia. Amri ilikuwa hiyo tu, ya maneno machache, na ilitosha kuleta mambo yote yaliyofuata.

Aliyesimamia kazi ile alikuwa ofisa wa boma tuliyemwita Bwana Shauri, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye nyumba yake ilikuwa bado inajengwa, ndiyo maana alikula na kulala pale kwa Baba mdogo. Alijua Kiswahili, cha kusimama-simama lakini safi. Mara nyingi mchana alikula na mjumbe mmoja wa baraza la wazee, Mpare mwenzetu, mtu wa koti na fimbo, aliyeheshimika mlimani na kwa haki. Mimi nikiwa nimepumzika kazi ya magunia nilikuwa nikimsaidia Baba mdogo kupakua, na kati ya jiko na baraza kulikuwa na ujia mfupi ambao sauti zilipita bila kuzuiliwa. Hapo ndipo nilipoyasikia mabishano. Bwana Shauri aliweka sheria kwamba mwenye nguvu achimbe barabara ndipo apewe mahindi, wazee na wagonjwa wapewe bila kazi, na kijiji chochote kitakachoonekana kina chakula kikatiwe mahindi siku hiyo hiyo. "Huko kwetu pia watu hubishana hivi hivi," nilimsikia akisema. "Wapo wasemao kwamba ukimlisha mtu unamfundisha kukaa. Mimi sipendi kuamini hivyo. Lakini nikikosea, nitaulizwa."

Mjumbe yeye alikuwa mkali kuliko Mzungu. Hakutaka hata mahindi ya kuchimbia barabara. Kwetu Upareni kuna msaragambo: pembe ikipulizwa, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kusafisha mfereji au kuziba ndiva inayotunza maji, na hakuna anayelipwa kwa sababu maji ni ya wote. "Bwana," alisema mjumbe, "leo unampa mtu kibaba cha mahindi kwa kuchimba njia. Kesho mimi nitapuliza pembe ya msaragambo, naye ataniuliza, kibaba kiko wapi? Utakuwa umeshibisha tumbo lake na kuniulia kijiji changu. Baba zetu walipata njaa mbaya kuliko hii, wakahemea, wakala mizizi, wakabaki watu." Nilipopeleka maneno hayo nyumbani, Mama mdogo alitema mlenda. "Wakabaki watu! Aulize na wasiobaki. Yeye mwenyewe anayasema hayo amejaza nyama ya mbuzi shavuni." Baba mdogo akamnyamazisha, si kwa kuwa hakukubaliana naye, ila kuta za bati hazina siri. Nami niliichukia sauti ya mjumbe yule wakati ule. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, naona alikuwa anaogopa kitu cha kweli. Msaragambo wa sasa si ule, na ndiva nyingine zimejaa tope. Sidhani kama mahindi ndiyo yaliyouharibu, lakini mtu aliyeogopa usiharibike hakuwa mjinga.

Bibi Nakijwa alikuwa kwenye kundi la wasioweza kuchimba. Nyonga yake ilikuwa imeharibika tangu alipoteleza na mzigo wa kuni, akawa anatembea kwa kuyumba. Nampombe alinisimulia baadaye kwamba mara ya kwanza walipoitwa kuchukua mahindi Bibi alikataa kutoka ndani. "Nitakula cha mtu nisiyemjua hata jina?" Ilibidi Nampombe amwambie kwamba yeye ana njaa. Basi Bibi akavaa gauni lake la kanisani, lile la kola nyeupe, akashuka mlima mzima na nyonga ile kwenda kupokea mahindi yenye harufu ya gunia, amesimama wima kama anayesubiri meza ya Bwana. Kila nikilikumbuka gauni lile moyo wangu unajaa. Alitaka anayempa ajue kwamba amempa mtu.

Ilipofika miezi ya baridi mambo yalianza kuwa na nafuu kidogo. Mashamba ya chini, karibu na mifereji, yalikuwa na mahindi yanayotoa ndevu. Shamba la Bibi lilikuwa juu, karibu na msitu, ambako kila kitu huchelewa. Alikuwa na viazi vitamu vilivyokuwa vinaanza kujitunga ardhini, na maharage machanga, na magimbi machache pembeni mwa mfereji. Akiviacha vikue, na mahindi ya serikali yakiendelea mpaka wakati huo, yeye na Nampombe wangevuka. Hayo niliyajua kwa salamu za watu waliokuwa wakishuka, na nilikuwa nikihesabu moyoni, nikiomba lori lisikome.

Siku moja niko pale chini ya ukuta wa ghala nashona, lori lililopeleka mahindi likarudi na watu badala ya kurudi tupu. Wakashuka wanawake wa Mhezi, kina mama wa kanisani kwetu, na mbele yao Bibi Nakijwa mwenyewe, gauni la kola nyeupe, Nampombe akimshika mkono. Nilitupa sindano. "Shikamoo bibi!" "Marahaba mjukuu wangu. Umekonda au ni jua?" Kisha akageuka kwa heshima kwa karani. "Tumeambiwa magunia yanatakiwa. Haya hapa." Kila mmoja alikuwa na gunia begani, na hakuna hata moja lililokuwa tupu. Nikafungua la Bibi. Mlikuwa na viazi vyembamba kama vidole, magimbi yenye manyoya bado, kifurushi cha maharage mabichi kwenye jani la mgomba. Nami nilicheka kwa furaha, maana nilijua mara moja ni nini. Kwetu ukiletewa maziwa kwa kibuyu, kibuyu hurudi na kitu ndani yake, hata kama ni majani ya maharage ya mboga. Kumrudishia mtu chombo chake kitupu ni kumwambia yaishie hapa. Boma limeomba vyombo vyake, na wanawake wa Mhezi wamevirudisha kama watu waliolelewa. Wala sikuona hatari yoyote.

Karani alikwenda kumwita Bwana Shauri, na Bwana Shauri akaja na mjumbe nyuma yake. Akainama, akachukua kiazi kimoja, akakigeuza. "Chakula hiki kimetoka wapi?" Bibi akajibu, "Shambani kwangu, Bwana." "Kwa hiyo Mhezi kuna chakula." Na hapa ndipo adabu ilipomponza bibi yangu. Kwetu huwezi kumpa mtu kitu kisha ukamwambia ndicho cha mwisho ulicho nacho. Itakuwa umempa mzigo badala ya zawadi. Kwa hiyo Bibi alinyoosha mgongo wake, akatabasamu, akasema, "Kipo, Bwana. Mungu ametukumbuka." Na wenzake wote nyuma yake wakaitikia, "Kipo, Bwana, kipo." Bwana Shauri akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa akitafuta jibu na sasa amelipata. Akamwambia karani kwamba Mhezi imekwisha, lori lisisimame tena kwa ajili ya watu wa huko, na chakula hiki kipelekwe jikoni. Kisha akawashukuru wanawake kwa ukweli wao, akaondoka. Nilimtazama mjumbe. Alikuwa Mpare kama sisi, amekula kwenye vibuyu vile vile. Alijua. Aliitazama ardhi, akaigonga mara moja kwa fimbo, akamfuata Mzungu. Bibi hakuwa ameelewa lolote. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amefurahi?" Nikamwambia amefurahi. Sikuweza kumwambia kingine hadharani, mbele ya wenzake. Lori likawabeba kuwarudisha, nami nikaiokota sindano niliyoitupa, nina hasira na hofu. Niliona wazi kilichokuwa mbele yao: viazi wameshavichimba, na mahindi hayaji.

Baba mdogo alipoletewa chakula kile jikoni alitaka kukitia kwenye chungu cha wafanyakazi. Mimi nikashika mkono wake. Sikuwa nimewahi kumshika mtu mzima mkono kwa namna ile. Nikamwambia, "Baba mdogo, wape Bwana na mjumbe wenyewe. Wape mezani, hivyo hivyo vilivyo, usivimenye, wavione." Akasema nimechanganyikiwa. Mezani kwa Mzungu hakuendi viazi vya ukubwa ule, yeye atafukuzwa, na tukifukuzwa pale hao watu watatu waliolala chini ya bati lile watakula nini? Alikuwa na haki. Machozi yakanitoka. Ni Mama mdogo aliyesema, akiwa amekaa mlangoni anapiga pasi kitambaa, bila hata kuinua macho, "Zablon, amri ilikuwa vipelekwe jikoni. Jikoni kazi yako ni nini?" Baba mdogo akaviosha viazi vile kimoja kimoja, akavichemsha na maganda yake kama tunavyochemsha nyumbani, akavipanga ndani ya bakuli kubwa la udongo mweupe lenye kifuniko, lile la wageni wakubwa. Alipolibeba kwenda barazani nilimwona amefunga kifungo cha juu cha kanzu yake, ambacho kila siku hukiacha wazi.

Nilisimama ujiani. Nilisikia kifuniko kikiwekwa mezani. "Mpishi," Bwana Shauri akasema, "hivi ni nini?" "Ni vya kwenye magunia, Bwana. Vya Mhezi." "Vidogo hivi?" Nikadhani yameisha, tumekwenda na maji. Ndipo nikasikia kiti kikisogezwa, na sauti ya mjumbe, lakini si ile sauti yake ya kila siku. "Huyu amechimba chakula chake cha mwezi ujao." Bwana Shauri akauliza ana maana gani. Mjumbe akasema polepole, akisimama katikati ya maneno, "Viazi hivi havijakomaa. Hakuna mtu mwenye chakula anayechimba viazi hivi. Uliomba magunia, Bwana. Kwetu chombo hakirudishwi bila kitu. Hawakuwa na kitu, wakachimba hiki." "Lakini yule mama mzee alisema kipo. Nilimwuliza kwa mdomo wangu!" "Angekuambiaje hakipo, na ameshika mkononi anakupa?" "Na wewe ulikuwepo," Bwana Shauri akasema. "Nilikuwepo," mjumbe akajibu. Hakujitetea. Nimekutana na watu wengi wakubwa tangu siku ile, na wachache niliowasikia wakilisema neno kama lile wakaliacha hapo.

Bwana Shauri aliuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza, "Sasa nifanye nini na chakula hiki? Nikirudishe?" Mjumbe akasema, "Hapana. Ukikirudisha utawatukana. Ukile." Nikachungulia. Mzungu yule alichukua kiazi kimoja kwa mkono, bila uma, akakila na nyuzinyuzi zake. Akachukua kingine. Mjumbe naye akachukua. Walikula bila kuongea, watu wawili waliokuwa wamebishana mwezi mzima kuhusu njaa ya watu wengine, wakavimaliza vyote, na nyama ya mbuzi ikapoa pembeni. Alipoinuka, Bwana Shauri alimwambia Baba mdogo, "Vilipikwa vizuri." Na kabla jua halijazama karani alikuwa ameambiwa kwamba lori la Mhezi litakwenda kama kawaida mpaka mavuno ya juu yatakapoingia ndani. Baba mdogo alirudi jikoni, akakaa juu ya gogo la kuni, akafungua kile kifungo, akaniambia nimletee maji. Nilipomletea alininawisha mikono yangu kwanza. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nilifurahi mno nikalia tena.

Isidhaniwe kwamba mabishano yaliisha. Mchana uliofuata walikuwa tena palepale, mjumbe akiulilia msaragambo wake na Bwana Shauri akiogopa kuulizwa. Wala sisemi utawala ule ulikuwa mwema kwetu. Kodi yake ndiyo iliyowaondoa wanaume wengi mlimani wakaenda kukata mkonge, na huenda wangebaki mashamba yangelimwa vizuri zaidi. Lakini mtu mmoja mmoja namshukuru kwa alichofanya. Namshukuru Mzungu yule kwa kuuliza afanye nini badala ya kuamua. Namshukuru mjumbe kwa neno lake. Wale waliokuwa jikoni siwezi kuwashukuru ikatosha.

Amri mpya ilitoka: magunia yaje matupu, na yakiletwa na kitu hayatapokelewa. Watu wa mlimani waliisikia, wakaitii kwa namna yao. Magunia yalikuja yamekunjwa vizuri, mepesi, karani akayapokea. Mimi ndiye niliyeyakunjua kuyashona. Na kwenye pembe ya gunia, pale chini, mara nyingi nilikuta fundo limefungwa kwa uzi wa mgomba, na ndani ya fundo maharage ya kujaza kiganja, au punje za mtama, au kipande cha tangawizi. Nilivikusanya kwenye kanga nikampelekea Baba mdogo, naye akatia kwenye makande yetu. Maharage ya rangi zote, ya nyumba zote za Upare, katika sufuria moja. Sijala makande matamu kama yale, na nimekula makande maisha yangu yote.

Mavuno yalipoiva nilipanda Mhezi. Bibi alikuwa hai, Nampombe alikuwa na mashavu. Bibi alinipikia mahindi mapya, akanitazama nikila, kisha akaniuliza kama yule Bwana ana mke wa kumpikia, maana alionekana mwembamba. Sikumweleza kamwe jinsi zawadi yake ilivyokaribia kumwua kwa njaa. Alikufa miaka mingi baadaye akiamini kwamba serikali ilipenda viazi vyake, na kwa kweli vililiwa vyote.

Nimewaza sana kuhusu Elieza na maneno yake ya msibani. Sikumkasirikia. Fedha ninazopewa sasa zimeniwekea paa lisilovuja, na mwaka jana zilininunulia jozi ya miwani ninayoandikia haya. Nazishukuru. Lakini kuna kitu kinanisumbua nikizipokea, na nadhani Nampombe naye kilimsumbua, kwa sababu siku za malipo alikuwa akivaa vizuri kupita kiasi. Fedha hizi haziji na gunia. Unaweka kidole, unapewa, unaondoka, na hakuna chombo mkononi mwako cha kumrudishia mtu. Huenda ndiyo maana anayetoa anatuona wavivu, na anayepokea anatoka ameinamisha kichwa. Siku moja nilimpelekea parachichi tatu yule binti anayetulipa. Akasema kwa upole, "Bibi, haturuhusiwi kupokea chochote." Nikarudi nazo nyumbani, zikaoza mezani, maana sikuwa na hamu ya kuzila.

Tulipotoka msibani wafiwa walinifungia makande kwenye hotpoti ya bluu ya Nampombe. Wiki iliyofuata niliiosha, nikaijaza maharage, nikamwita Elieza aipeleke Mhezi kwa pikipiki yake. "Kwani wana njaa?" akauliza. "Hawana." "Sasa si niirudishe hivi hivi, Bibi? Hotpoti yenyewe ni yao." Nikamwambia airudishe hivyo, kisha aone kama jioni nitamfungulia mlango. Akaenda akinung'unika. Alirudi jua likiwa linazama, vumbi mpaka kwenye kope, na hotpoti bado ameifunga nyuma ya pikipiki. Nikashtuka. "Wameikataa?" "Wameipokea vizuri tu," akasema, akiishusha kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa nzito. "Wakaniambia nisubiri, wakamwaga maharage, wakaijaza magimbi. Nimewaambia Bibi hajaomba. Wakanicheka." Akasimama pale kizingitini ameikumbatia. "Bibi, sasa hii tutamalizana nao lini?" Nikamwambia anawe mikono, aje tule.